Macho ya Maman na Tovuti Mbili

Mimi tovuti naisoma kama kibao. Sijui njia nyingine. Mtu akinipa simu akasema angalia hapa, sianzi na maneno, naanza na pembe. Naangalia kama herufi zimekaa sawa, kama aliyechagua rangi alijua au alibahatisha. Halafu nateremka hadi chini kabisa, mahali ambapo wasomaji hawafiki, kwa sababu fundi mvivu hujulikana chini ya kibao, pale anapofikiri nyasi zitamfichia. Nikimaliza kukagua nikaona kazi ni safi, hapo ndipo naanza kuogopa.

Nilichora vibao kwa miaka karibu ishirini. Nilitoka shule ya sekondari na diploma ambayo haikunipa kazi, lakini mkono wangu ulikuwa mzuri, na Bukavu ya wakati ule ilikuwa inaota vibao kuliko mihogo. Kila avenyu ilikuwa na shirika. Mtu aliamka asubuhi na mhuri, mfuko wa ngozi na wazo la mayatima, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kuulizia mchoraji. Ofisi ilikuwa inakuja baadaye, na mayatima baadaye zaidi, kama walikuja. Nilichora njiwa. Nilichora jua linachomoza nyuma ya milima, mama na mtungi, mikono miwili iliyoshikana. Sikuuliza nyuma ya kibao kuna nini. Fundi anauliza ukubwa wa bati na rangi tu.

Kibao kimoja kilikuwa cha chama cha kusaidiana matibabu. Mwanachama akiugua, chama kingemlipia hospitali. Waliniambia: tupatie mikono miwili, mikubwa, ionekane kutoka barabarani. Nikawapa. Nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Maman alikuwa anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni Kadutu, na alipokipita kibao kile alisimama na beseni kichwani akawaambia wenzake: "Hii ni mutoto wangu njo aliandika." Wakajiandikisha wote, meza nzima ya wauza sambaza. Walitoa michango yao msimu mzima. Halafu Jumatatu moja mwenzao mmoja akapeleka mtoto mwenye homa ofisini kwa chama, akakuta mlango umefungwa na mlinzi amekaa. Mlinzi akasema, "Bado hawajafika." Siku ya pili, bado hawajafika. Mwisho mlinzi naye hakufika.

Maman hakunilaumu. Alimwomba mwenye nyumba kile kibao, akakileta nyumbani, akakifanya mlango wa jikoni, maandishi yakiangalia ndani. Mwezi uleule nikaenda Uvira. Nilisema ni kazi. Kutoka Uvira nikaenda Baraka, kisha Kalemie, kisha Kindu, na kila mji nilipoanza kuuzoea nilianza kuukumbuka ule wa nyuma yake. Huko Uvira nilitaka kumchorea kibao mfanyabiashara mmoja, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, mwenye duka la vitambaa lisilo na hata herufi moja mlangoni. Akanijibu kwa Kiswahili chake laini, "Wanaonijua wananijua. Wasionijua wataulizia." Niliondoka nikimdharau. Nilidhani ni ubahili.

Niliporudi Bukavu, nywele zimeanza kubadilika, maman alikuwa haoni tena. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliniambia anaona watu kama mtu aliye nyuma ya pazia la mvua. Baadaye pazia likawa blanketi. Alikuwa anapanga maharage kwa vidole, anajua ngazi za mlima wetu wa Kadutu kwa nyayo, na mlango wa jikoni alikuwa anaufungua kwa kiwiko bila kuugusa kwa kiganja. Hilo nililiona siku ya kwanza, na sikulisema.

Sasa, Jumapili moja, misa ilipoisha, mtangazaji wa parokia alisimama akasema madaktari wa macho watakuja kwa siku chache. Watatoa mtoto wa jicho kwa wazee, bure. Kujiandikisha ni kwa intaneti tu, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Akaanza kusoma anwani ya tovuti, haraka kama anasoma majina ya wachumba, na katikati ya anwani umeme ukakatika. Kipaza sauti kikafa. Kwaya ikaanza kuimba.

Maman alinikamata mkono. "Ulisikia?"

"Nilisikia nusu."

"Nusu gani?"

"Ile ya bure."

"Bure," akasema, kama mtu anayeonja chumvi.

Bukavu neno hilo lina historia. Tumeandikwa kwenye orodha nyingi: orodha za mbegu, za magodoro, za mikopo ya akina mama. Wamekuja vijana na makoti yenye alama, wameandika majina yetu na namba zetu, wamepiga picha, na gari likashuka kilima. Kwa hiyo mtu wa hapa akiambiwa jiandikishe, anauliza kwanza hiyo orodha ni ya nani.

Kesho yake dada yangu alipanda kutoka Nguba, anahema, simu mkononi. Yeye ni mdogo wangu, ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, ameolewa vizuri, anaishi karibu na ziwa ambako intaneti haikatiki sana.

"Yaya, nimeipata! Angalia vile iko muzuri."

Ilikuwa nzuri kweli. Ilifunguka mara moja. Rangi nyeupe na buluu, herufi nyembamba zilizopangwa na mtu anayejua. Daktari anatabasamu, kifua mbele, nyuma yake ziwa. Kifaransa chake hakikuwa na kosa. Chini kulikuwa na nyota tano tano na maneno ya shukrani ya watu waliotibiwa.

"Hii njo site," dada alisema. "Batu bakweli banaonekana. Ona picha, ona numero, ona avenyu."

Nikachukua simu, nikaanza na pembe. Nikaliangalia lile ziwa. Lilikuwa na mchanga mweupe, pana, na ukingo umenyooka kama rula. Ziwa letu limeingia kati ya milima kama vidole, mtu hapati mahali pa kunyoosha rula. Nikateremka kwenye shukrani. Watu wengi, wote wanasifu, wote kwa sauti moja.

"Hawa si watu wa Bukavu," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Hakuna hata mumoja amelalamika foleni."

Dada akacheka bila kupenda. Nikaendelea kushuka hadi chini. Anwani ilikuwa Nyalukemba, na nyumba ilikuwa na namba, na mbele ya neno Bukavu waliweka tarakimu tano, msimbo wa posta. Mimi nimezaliwa hapa. Sijawahi kupokea barua kwa msimbo. Hapa mtu akikuelekeza nyumbani kwake anasema shuka kwenye transfoma, ukiona geti jekundu uliza.

"Wewe unaonaka bubaya tu," dada alisema. "Kitu ikiwa mubaya, unakataa. Ikiwa muzuri, unakataa zaidi. Mimi nilishatuma kadi ya maman."

"Ulituma nini?"

"Kadi yake ya mupiga kura. Picha. Na sasa banaomba ile code yenye imeingia kwa simu, njo bamalize."

Nilimnyang'anya simu. Akanipokonya tena. Tulivutana kama watoto, mimi mwenye mvi na yeye ambaye wajukuu wa shemeji wanamwita nyanya, mpaka sauti ikatoka jikoni.

"Munagombania macho yangu na mimi niko hapa?"

Tukaachana. Dada aliahidi hatatuma ile namba ya siri mpaka nikague. Aliondoka bila kunywa chai. Mlangoni akaniambia kwa sauti ndogo, ili maman asisikie, "Ukimufungia maman njia juu ya woga yako, yaya, sitasahau." Nilijua ana haki ya kusema hivyo. Miaka yote niliyokuwa natembea, ni yeye aliyekuwa anamshika mkono.

Jumanne nilishuka Nyalukemba kutafuta ile nyumba yenye namba. Nilikuta ukuta mrefu, maua juu, na mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula karanga. Hata sikumaliza salamu.

"Unatafuta madaktari."

"Ndiyo."

"Hapa ni kwa mutu, mukubwa. Hakuna daktari. Uko mutu wa ine kuuliza leo." Akatema ganda. "Jana mama mumoja alikuya na shuka na thermos. Na sahani yake. Alitaka nimuoneshe kitanda."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimupatia kiti, akapumuzika, akarudi."

Nilisimama pale nikasikia kitu ambacho naona aibu kukiandika: nilifurahi. Nilikuwa nimesema kweli. Nikampigia dada, nikamwambia asitume kitu, na nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Akakata simu.

Njiani kurudi kulikuwa na kibanda cha mwanamke anayetoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za mtandao. Mkanda wa kupimia wa fundi nguo ulikuwa shingoni mwake, maana alikuwa anashona pia. Nilimweleza habari ya madaktari. Hakushangaa.

"Ile ya picha muzuri? Achana nayo. Ya kweli niko nayo hapa, mwandishi wa parokia aliniletea kwa karatasi."

Akaifungua. Ilichukua muda, tukangoja, ikaja nusu, tukangoja tena. Ndugu msomaji, nimeona vibao vibaya maishani. Hiki kilikuwa kibaya kuliko vyote. Maandishi ya kijani juu ya manjano. Herufi za aina tatu katika mstari mmoja. Picha ya nyumba ya matofali iliyopigwa ikalala upande, na hakuna aliyejisumbua kuinyanyua. Kifaransa kilichechemea kikaacha, kikaendelea kwa Kiswahili. Habari ya mwisho ilikuwa ya kuwatakia watu Pasaka njema, na Pasaka ilikuwa imepita zamani. Anwani: Kasha, baada ya kisima, nyuma ya kapela, uliza.

"Hii aliandika mutu ambaye hajamaliza shule ya musingi," nikasema.

"Sikia maulizo yake kwanza." Akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama anasomea watu wa nyumbani. "Mugonjwa anaona mukono wake? Anaona mwangaza wa mulango? Nani atamushika mukono kuya hapa? Huyo mutu anaweza kutembea pole pole? Nani atamutia dawa ya matone nyumbani? Mikono yake, atakuwa na maji na sabuni ya kunawa? Huyo mutu atakuwa Bukavu mwezi muzima?"

"Maulizo gani haya?"

"Ni maulizo."

"Daktari hawezi kuuliza kama nina sabuni."

Akaniangalia juu ya miwani yake. "Papa, unatafuta barua yenye kuandikwa vizuri ama unatafuta macho?"

Nilimwambia nitaenda kuona kwa macho yangu kwanza. Leo nikiwa mkweli, haikuwa rangi ya manjano iliyoniondoa kwenye kibanda kile. Lilikuwa swali la mwisho, lile la mwezi mzima. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na dereva mmoja wa lori la kwenda Uvira, nilikuwa nalisikia ziwa lile lingine usingizini. Lakini wakati ule nilijiambia ni rangi.

Jumatano na Alhamisi mvua ilinyesha, na barabara ya kupanda Bagira, ile ya kwenda Kasha, ilikuwa uji. Ijumaa asubuhi nikapanda pikipiki hadi Kasha. Nilikipata kisima. Niliipata kapela. Nyuma yake niliikuta ile nyumba ya matofali ya kwenye picha, sasa imesimama wima. Haikuwa na kibao. Nilizunguka. Niliangalia ukutani kama kuna misumari iliyong'olewa, niliangalia ardhini kama kuna mashimo ya nguzo, kwa sababu hata kibao kilichoibwa huacha mashimo. Hakuna. Nyumba ambayo haijawahi kutaka kuonekana.

Kando ya ukuta, kwenye jua, walikaa wanawake wazee kama kumi, na wazee wanaume wawili watatu. Kila mmoja alikuwa na mtu kando yake. Mwanamke mmoja alikuwa anafua mashuka kwenye beseni, mashuka mengi. Nilimsalimu nikamuuliza kama hapa ndipo kwa madaktari wa macho.

"Ndiyo, hapa. Lakini bado hawajafika."

Maneno hayo yaliniingia kama maji ya baridi mgongoni. Niliyasikia kwa sauti ya mlinzi wa zamani.

"Na kibao iko wapi?"

"Kibao ya nini?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, mapovu yanamdondoka mikononi.

Nikamshukuru. Nikageuka. Pikipiki ilikuwa haijazima hata injini.

Nilimkuta maman amekaa jikoni, mlango wa bati nyuma yake, sahani ya maharage magotini. Vidole vyake vilikuwa vinatembea, mbegu mbaya inaruka pembeni, nzuri inabaki. Nilimweleza kila kitu: ziwa la uongo, mlinzi wa karanga, tovuti ya manjano, nyumba isiyo na kibao. Nilieleza vizuri. Nilimalizia, "Zote mbili ni uongo, maman. Ile ya kwanza ina kibao bila nyumba, hii ya pili ina nyumba bila kibao."

Vidole havikusimama. "Uliona watu?"

"Niliona wazee wamekaa."

"Wamekaa wapi?"

"Kwa ukuta. Kwa jua."

"Na nani?"

"Kila mutu na mutu wake."

"Walikuwa wanaongea wakiangaliana?"

Nikafikiri. Nikawaona tena. Walikuwa wanaongea nyuso zimeinuka kidogo, kila mmoja anaelekea upande wake, kama kuku wakinywa maji. Maman hivyo ndivyo anavyoongea. Ndivyo alivyokuwa anaongea na mimi wakati ule ule.

"Hapana," nikasema.

"Papa." Maman akiniita papa najua kuna kitu kinakuja. "Leo ni vendredi. Mvua imenyesha siku mbili, udongo umelainika. Mumama wa Kasha aache shamba lake, akae kwa ukuta asubuhi, juu ya nini?"

Nikavua viatu vyangu vya matope.

"Ulienda mpaka kule, ukauliza kibao. Watu walikuwa hapo, haukubauliza." Akamimina maharage kwenye sufuria, yakalia. "Na mimi nilifanyaka vile. Wakati wa ile mambo. Wenzangu walisema, tuulize kwanza batu benye balishatibiwa. Mimi nikasema ya nini, hii ni mukono wa mutoto wangu."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kulitaja. Alilitaja kama anataja bei ya chumvi, halafu akaniomba maji ya kupikia.

Jumamosi saa tatu nilikuwa kibandani. Yule mwanamke alikuwa na mteja wa nguo, ananipima kwa jicho huku anampima mwenzangu kwa mkanda.

"Papa wa barua, umerudi?"

"Nimerudi."

"Leo mtandao unachechemea. Omba Mungu."

Saa nne tovuti ya manjano haikufunguka. Saa nne na nusu ilionyesha nyumba iliyolala, ikakwama. Saa tano na kitu fomu ikaja, naye akaanza kuuliza, mimi najibu. Anaona mkono wake? Hapana. Anaona mwangaza wa mlango? Ndiyo, asubuhi. Nani atamshika mkono? Mimi. Nani atamtia dawa? Mimi. Maji na sabuni? Vipo.

"Huyo mutu atakuwa Bukavu mwezi muzima?"

Nje watu wanapita, pikipiki zinapiga honi. Nimekagua vibao na tovuti maisha yangu yote, na hii ndiyo ya kwanza iliyonikagua mimi. Ilinishuku kama ninavyoshuku, na ilikuwa na sababu. Aliyeiandika, na Kifaransa chake cha kuchechemea, alikuwa amekwisha kuona mama mmoja akitolewa mtoto wa jicho vizuri, kisha jicho likaoza nyumbani kwa sababu mtu wa matone alipanda lori. Swali kama lile haliji kwa mtu ambaye hajaliona jambo lenyewe. Ile tovuti nzuri haikuniuliza kitu ila namba ya siri.

"Papa, saa inakimbia."

"Andika ndiyo."

"Niandike, ao unasema tu?"

"Andika."

Akabonyeza. Duara likaanza kuzunguka, na likazunguka mpaka kengele ya parokia ikapiga saa sita, na bado lilikuwa linazunguka.

Jibu lilikuja Jumatatu jioni, kwenye simu ya dada, kwa sababu yangu ni ya vibonyezo. Orodha imejaa. Maman ameandikwa kwa wale wa kungoja. Mje na mashuka yenu, hatuahidi. Dada alinisomea kwa simu bila kuongeza neno. Halafu akasema, "Nitakuya na thermos," na nikajua amenisamehe kiasi, labda nusu.

Tulikaa kwenye ukuta ule wa Kasha siku tatu, maman katikati yetu. Niliwaona madaktari wakifika kwa gari lenye matope, hawana koti la kutabasamia. Niliwaona walioandikwa mapema wakiingia kwa zamu na kutoka na pamba usoni. Mwanamke wa mashuka alinikumbuka. "Yule wa kibao," aliwaambia wenzake, na ukuta mzima ukacheka, hata wale wasioniona. Siku ya mwisho, alasiri, alitoka akatuita. Kuna nafasi na muda wa jicho moja tu. Wangapi wangekuwa mbele yetu kama ningejiandikisha Jumanne, sijui. Najua wale waliojiandikisha Jumanne kwenye kile kibanda walifanyiwa yote mawili kwa siku mbili tofauti, kwa sababu niliwauliza. Siku hizi nauliza watu.

"Muchague gani?" maman aliuliza mlangoni, kana kwamba ni viazi.

"La kuume," daktari alisema.

Tovuti nzuri ilitoweka wiki ileile. Dada alijaribu kuifungua, akakuta ukurasa mweupe. Mpaka leo simu ngeni ikiita anaitupa kitandani, kwa sababu kadi ya maman iko mahali fulani, kwa mtu fulani, na hatujui ataitumia kwa nini wala lini. Hilo halijaisha.

Pamba ilitolewa kesho yake. Kule Kasha maman aliangalia tu, kichwa kimeinama kidogo, akilikinga lile jicho na jua kwa kiganja. Alimtazama dada, akamgusa kitambaa. Alinitazama mimi kwa muda mrefu. "Umekuwa muzee," akasema. Tukashuka.

Nyumbani alipita moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, akafunga mlango kwa ndani ili mwanga usimuumize. Nilibaki nje nikikumbuka kilichoandikwa upande ule. Kabla ya kwenda Kasha nilikuwa na nafasi ya kukipaka rangi juu, na sikufikiria. Labda nilifikiria.

"Kuya," akaniita.

Nikaingia. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye matundu ya misumari. Moshi ulikuwa umekula jina la chama, lakini ile mikono miwili ilikuwa bado mizima, imeshikana, rangi ya kahawia niliyochanganya mwenyewe. Maman alikuwa ameisogelea, jicho lake moja karibu kugusa bati, na kidole kinatembea kama kwenye maharage.

"Moja, mbili, tatu, ine, tano," akahesabu. "Sita."

"Sita nini?"

"Huu mukono uko na vidole sita."

Nikainama. Nikahesabu. Nikarudia. Vilikuwa sita, na gumba bado halijahesabiwa. Nilikisimamisha kibao kile barabarani mimi mwenyewe. Nilirudi nyuma hatua kumi nikakisifu.

"Haukuona?" akaniuliza.

"Sikuona."

"Na sisi meza yote hatukuona." Akacheka kwa pua, kicheko kifupi ambacho sikujua kimeelekezwa kwa nani. Nilipomuuliza kama nikipake rangi, au nikiondoe kabisa, alisema kiachwe. Halafu akainua uso akauelekeza kwangu, sawasawa, kama watu wanaoonana.

"Ni saa ya dawa. Nawa mikono kwanza."

Nilichota maji, nikachukua sabuni. Aligeuza kigoda ili lile jicho la kuume linielekee, akaniangalia nikinawa, kidole kwa kidole, mpaka mwisho.